Bodaboda au lori? Chagua kipoza kabla kompyuta ya gemu haijachemsha

DAKIKA ya 86, matokeo 2-2. Kijana kamtoka beki wa pembeni, kaingia ndani ya boksi, anabonyeza kitufe cha shuti. Picha inaganda. Inaporudi, mpira uko mikononi mwa kipa na feni ndani ya kasha la kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga. Dakika ya 90 anapigwa la tatu. Washkaji waliojazana nyuma ya kiti wanacheka, wanasema jamaa kachemsha.

Kachemsha kweli, ila aliyechemsha ni kompyuta.

Kwa vijana wa Tumbi, Kibaha, hadithi hiyo haihitaji maelezo mengi. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Pwani linavuka nyuzi 30 mchana, na chumba chenye bati bila dari kinakuwa tanuri. Na gemu siku hizi si mambo ya kitoto. Michezo ya Asia ya Hangzhou, China, iliyofanyika 2023 ilitoa medali kwa wacheza gemu, soka la kwenye skrini likiwemo. Jirani zetu Kenya wanaye Sylvia Gathoni, maarufu QueenArrow, aliyejijengea jina kwa kucheza Tekken.

Ndiyo maana kijana anayedunduliza hela mwaka mzima ili aunge kompyuta yake, akishuka Kariakoo anakutana na swali moja linaloweza kumtafuna mkwanja wote: achukue kipoza cha maji au cha feni?

KWA NINI INAGANDA

Kila prosesa ina kikomo chake cha joto. Intel Core i9-14900K kikomo chake ni nyuzi 100. AMD Ryzen 7 7800X3D, inayopendwa sana na wacheza gemu, ni nyuzi 89. Ikigusa hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo ndipo picha inapoanza kukatakata.

Ni kama ile mechi ya Uholanzi na Mexico pale Fortaleza, Kombe la Dunia 2014, refa aliposimamisha mpira wachezaji wanywe maji kwa sababu ya joto. Mexico walikuwa mbele 1-0 wakati wa mapumziko ya kipindi cha pili. Kocha Louis van Gaal akayatumia kubadili mbinu, Uholanzi ikashinda 2-1. Tofauti ni kwamba pale walipumzika wote. Kwenye gemu unapumzika wewe peke yako, mpinzani anaendelea kukimbia.

BODABODA NA LORI

Ukitaka kuelewa vipoza hivi, simama dakika tano kando ya Barabara ya Morogoro pale Tumbi. Angalia injini ya bodaboda. Ina mapezi ya chuma pembeni na haina rejeta, upepo unapita katikati ya mapezi na kuondoka na joto. Hicho ndicho kipoza cha feni. Mirija ya shaba inachukua joto kwenye prosesa, inalipandisha kwenye mapezi ya aluminiamu, feni inalipuliza nje.

Sasa angalia lori linalopanda na mzigo. Lile lina rejeta, pampu na mipira ya maji. Kipoza cha maji ndivyo kilivyo: pampu ndogo inazungusha maji kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na feni zinaipuliza rejeta.

Umeona jambo? Feni zipo pande zote mbili. Maji yanahamisha joto tu, na mwisho wa siku linaishia kwenye hewa ile ile ya chumbani. Chumba kikiwa na nyuzi 33, hakuna kipoza kati ya hivyo viwili kitakachoishusha prosesa chini ya 33. Anayedhani maji yatamfanyia kazi ya kiyoyozi, kaingia chaka.

KIKIFA JE?

Hapa ndipo mtu wa Tumbi anatakiwa kutuliza kichwa. Kipoza cha feni kikigoma, mara nyingi kilichokufa ni feni. Unanunua nyingine, unaifunga, mechi inaendelea. Mapezi na mirija yake yapo tu miaka nenda rudi.

Kipoza cha maji kinakuja kimefungwa kiwandani. Pampu ikifa, joto linapanda ndani ya muda mfupi na kwa kawaida unatupa kitu kizima. Maji nayo hupungua taratibu kwa miaka kupitia mipira, na vingi havina mahali pa kuongezea.

Lakini feni nayo ina kasoro zake. Kipoza kikubwa kama Noctua NH-D15 kina urefu wa milimita 165 na uzito unaozidi kilo moja. Pima kasha kwanza. Na ukitaka kulibeba kasha kwa bodaboda hadi Maili Moja kwenye mashindano, kifungue, maana mashimo ya njiani yanaweza kukin'goa na bodi yake.

KIKOSI KIPANGWE HIVI

Lori linahitaji rejeta kwa sababu ya mzigo. i9-14900K inaweza kula wati 253 ikibanwa. Mwenye mashine hiyo, tena anayehariri video saa nzima, achukue maji yenye rejeta kubwa, milimita 360. Pampu isikae juu kuliko rejeta, la sivyo hewa itajikusanya ndani yake.

Lakini 7800X3D imepangiwa wati 120, na kwenye gemu hutumia chini ya hapo. Feni nzuri inaitosha kabisa. Bei ya kipoza kikubwa cha maji inaweza kununua vya feni viwili, hata vitatu. Chenji inayobaki iongezwe kwenye kadi ya picha, maana hiyo ndiyo straika wa gemu, au kwenye UPS ya kuilinda mashine umeme unapokatika ghafla.

Kisha kuna mambo ya bure. Ondoa ile plastiki ya chini ya kipoza kabla ya kukifunga, wengi husahau. Kasha liwe na matundu mbele, lisibanwe ukutani. Na vumbi lisafishwe kila baada ya wiki chache, maana vumbi la barabarani haliulizi kama umenunua maji au feni.

Asiyejua uzito wa mzigo wake asikimbilie rejeta. Bodaboda za Tumbi zinapiga kazi juani kutwa nzima bila tone la maji, na jioni bado zinawaka.