Bonge la Damu Ndilo Dawa ya Kwanza: Kumhudumia Kijana Aliyeng'olewa Gego la Mwisho

Katika nyumba nyingi, mtu anayerudi kutoka kung'olewa jino hupokewa kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mama, shangazi au bibi huiandaa kwa upendo, naye mgonjwa husukutua kwa nguvu na kutema, akiamini kwamba anasafisha kidonda. Nia hiyo ni njema, na maji ya chumvi yenyewe yana manufaa. Kosa ni la wakati. Yakitumiwa jioni ya siku ya kwanza, yanaweza kuondoa kinga ambayo mwili umejiwekea: bonge la damu lililoziba tundu la jino.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa vijana wanaoondolewa magego ya mwisho, ambayo wengine huyaita meno ya hekima. Kwa kawaida magego hayo huchomoza kati ya umri wa miaka 17 na 25. Yakikosa nafasi hulala ubavu, hukandamiza gego la jirani, au hutokeza nusu tu na kuacha kifuko cha fizi ambamo mabaki ya chakula na bakteria hujificha. Hapo kijana hushikwa na maumivu nyuma ya taya, fizi huvimba, na kinywa hufunguka kwa shida.

Hata hivyo, si kila gego la mwisho linapaswa kung'olewa. Nchini Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2000 ulishauri kwamba gego lililokwama lakini lisilo na ugonjwa lisiondolewe kwa ajili ya tahadhari tu. Uamuzi hutegemea uchunguzi wa kinywa na picha ya eksirei, ambayo pia huonyesha jinsi mizizi ya jino ilivyokaribiana na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Pale upasuaji unapolazimu, ujana una faida yake: mara nyingi mizizi haijakomaa, mfupa haujawa mgumu sana, na kidonda hupona upesi.

Kabla ya siku yenyewe

Kijana wa miaka 16 au 17 si mtoto wa kudanganywa kwamba hatasikia chochote, wala si mtu mzima wa kuachiwa kila kitu. Aelezwe ukweli. Sindano ya ganzi huchoma kwa muda mfupi. Baada ya hapo atahisi kusukumwa na kuvutwa, na atasikia sauti za vyombo, lakini hatarajiwi kupata maumivu makali. Akiyapata, ainue mkono ili daktari asimame na kumwongezea ganzi. Kijana anayejua kwamba anaweza kuisimamisha kazi hupungukiwa na hofu.

Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayetia saini ya ridhaa. Lakini yapo maswali ambayo kijana huenda asiyajibu kwa ukweli mbele ya mzazi. Je, anavuta sigara? Je, binti anatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Je, kuna uwezekano wa ujauzito? Sigara na vidonge hivyo huongeza hatari ya kidonda kupoteza bonge la damu, na ujauzito hubadili uchaguzi wa dawa. Kwa hiyo mhudumu ampe kijana dakika chache za faragha, na mzazi azikubali bila kinyongo. Familia kwa upande wake itaje mapema ugonjwa wa selimundu, pumu, vidonda vya tumbo, mzio wa dawa, au tatizo la kutokwa damu kwa muda mrefu katika ukoo.

Saa 24 za kwanza

Kijana hutoka akiwa ameuma kipande cha gozi. Akiume kwa nguvu ya wastani kwa dakika 30 hadi 60, bila kukitoa kila mara ili kutazama. Mate yenye wekundu kwa saa kadhaa si jambo la kutisha, kwani damu kidogo hutia rangi mate mengi. Damu ikirejea, aketi wima na kuuma gozi jingine safi kwa nusu saa.

Siku hiyo asisukutue, asiteme kwa nguvu, wala asinywe kwa mrija, iwe soda au dafu, kwa kuwa mvuto wa kunyonya unaweza kuling'oa bonge. Sigara nayo iepukwe kabisa. Kichwa kiinuliwe kwa mito wakati wa kulala, na barafu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe shavuni kwa dakika 15 hadi 20, kisha iondolewe kwa muda kama huo. Asile kabla ganzi haijaisha, asije akajiuma ulimi bila kujua. Baadaye apewe uji uliopoa, mtori, mtindi au ndizi zilizopondwa. Karanga, bisi na pilipili zisubiri.

Parasetamoli na ibuprofeni zikitumiwa pamoja, kwa dozi iliyoandikwa na daktari, hutuliza maumivu haya kuliko kila moja peke yake. Ibuprofeni haiwafai baadhi ya wenye pumu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Aspirini iepukwe, kwani hudhoofisha uwezo wa damu kuganda, tena haiwafai walio chini ya miaka 16. Antibayotiki zilizobaki nyumbani zisiguswe.

Siku zinazofuata

Baada ya saa 24, wakati wa maji ya chumvi huwa umewadia. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu hutosha. Kijana ainamishe kichwa huku na huku ili maji yapite taratibu juu ya kidonda, kisha ayaache yaanguke yenyewe. Afanye hivyo baada ya kila mlo kwa takriban wiki moja, na aendelee kupiga mswaki meno mengine.

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Mzazi asidhani kwamba hali imeharibika. Kinachopaswa kumshtua ni maumivu yaliyokuwa yakipungua kurudi kwa nguvu kati ya siku ya pili na ya nne, yakielekea sikioni, pamoja na harufu mbaya kinywani. Mara nyingi hiyo ni dalili ya tundu kavu: bonge limetoka na mfupa umebaki wazi. Daktari husafisha tundu na kuweka dawa ya kutuliza.

Damu isiyokoma baada ya kuuma gozi, homa, au ganzi ya mdomo inayodumu hadi kesho yake ni sababu ya kurudi kliniki. Uvimbe unaoshuka chini ya taya, ugumu wa kumeza au wa kupumua ni dharura ya kwenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Anayesoma shule ya bweni arudi na barua ya daktari kwa mlezi wa bweni, ili apate chakula laini na apumzishwe michezo kwa wiki moja. Na kwa bibi aliyekwisha kuchemsha maji ya chumvi, jibu la heshima ni kumshukuru na kumwomba ayaandae tena kesho.