Sura ya Hel katika Michoro na Filamu

Katika lugha ya kale ya Skandinavia, neno Hel lina maana mbili: ni jina la makao ya wafu, na ni jina la mwanamke atawalaye humo. Katika Kiswahili upatanisho wa ngeli ungezitenga maana hizo mara moja, kwani tungesema ama “Hel kuna giza” ama “Hel ana huzuni”. Katika mashairi ya kale ya kaskazini, mara nyingi ni vigumu kujua ipi iliyokusudiwa. Basi yeyote atakaye kumchora Hel hana budi kwanza kuamua kwamba yeye ni mtu.

Habari zake kwa urefu twazipata katika Edda ya Snorri Sturluson, mwanachuoni wa Iceland, iliyotungwa mnamo mwaka 1220, yaani karne mbili baada ya nchi ile kupokea Ukristo. Humo Hel ni binti Loki. Nduguze ni mbwa-mwitu Fenrir na joka Jörmungandr. Odin alimtupa Niflheim, akampa kuwapokea wafao kwa ugonjwa na uzee. Sahani yake yaitwa Njaa, na kitanda chake kina jina la malazi ya mgonjwa.

Kuhusu umbo lake Snorri ana maneno machache: nusu yake ni blá, nusu ina rangi ya ngozi, na uso wake ni wa huzuni na ukali. Hasemi kama mpaka wa nusu hizo wapita kiunoni au katikati ya uso, wala hasemi kwamba nusu moja imeoza.

Neno blá lataka uangalifu. Leo wazao wake humaanisha buluu, lakini watu wa kale walilitumia pia kwa manyoya ya kunguru na kwa damu iliyovia chini ya ngozi. Hata watu weusi wa Afrika waliitwa blámenn. Jambo hili lisitushangaze, maana Kiswahili nacho kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi, -eupe, -eusi na -ekundu, na rangi nyingine hutajwa kwa maneno ya kukopa au kwa mifano ya vitu. Mfasiri atakayeandika “buluu” atakuwa amechagua, na atakayeandika “nyeusi” vilevile. Pengine “rangi ya damu iliyovia” yakaribia zaidi, kwa kuwa ni rangi ya mwili uliopatwa na jambo.

Wachoraji wamejaza kila mmoja kwa namna yake yale yaliyonyamaziwa. Johannes Gehrts, mwaka 1889, alimchora pamoja na mbwa Garmr, ingawa Snorri hasemi kwamba mbwa huyo ni wake. Mwaka 1964 Stan Lee na Jack Kirby walimwingiza katika hadithi za picha za Marvel kwa jina la Hela, naye akajulikana kwa mavazi ya kijani na taji la pembe ndefu. Katika filamu Thor: Ragnarok ya mwaka 2017, Cate Blanchett alimwigiza akiwa mzaliwa wa kwanza wa Odin na amiri wa majeshi yake. Mwaka huohuo mchezo wa kompyuta Hellblade ulimwonyesha kama jitu la kike, nusu ya mwili wake imeungua.

Kwa hakika msanii ana ruhusa ya kubuni, lakini badiliko moja ni kubwa kuliko pembe na mavazi. Hel wa Edda hapigani vita. Alipoombwa amrudishe Baldr, alitoa sharti kwamba vitu vyote vimlilie. Kimoja kilipokataa, alimzuia kwa mujibu wa mapatano. Yeye ni mwenyeji wa waliofia kitandani, ambao katika kila taifa ndio wengi. Akigeuzwa shujaa wa vita, mauti hayo ya kawaida hukosa sura.