Mjomba Anayelala na Viatu

Paukwa! Pakawa. Haya, sogeeni, na wewe wa nyuma acha kumchokoza mwenzio. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo kuna mjomba. Nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msiende kumtafuta Pugu Kajiungeni mkagonga milango ya watu. Lakini usiku uliompata ni wa kweli, na wakubwa wenu wengi wanaukumbuka.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 16 Februari 2011. Mjomba alikuwa darasa la nne. Yapata saa mbili na nusu usiku, maghala ya silaha katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yakaanza kulipuka. Gongo la Mboto na Pugu ni majirani, barabara ni moja. Anga likawa jekundu. Mabomu yaliruka kutoka kambini yakaangukia makazi ya watu. Watu wakatoka mbio bila kujua waendako, wengine wakaelekea Kisarawe, wengine mjini, mama huku, mtoto kule. Uwanja wa ndege ukafungwa. Maelfu wakapewa hifadhi Uwanja wa Uhuru, Temeke. Watu zaidi ya 20 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Na haikuwa mara ya kwanza: tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya kambi ya Mbagala yalilipuka vilevile, na huko nako wakafa zaidi ya 20.

Mjomba alikimbia pekupeku. Alikanyaga vigae, alikanyaga miiba, akapotezana na mama yake mpaka kesho yake.

Sasa ni mtu mzima, fundi seremala, anapiga randa vizuri kuliko wengi. Ila analala na viatu. Ukimuuliza, anasema miguu inaona baridi. Baridi ya Dar es Salaam, jamani!

Mtazameni kwa makini. Akiingia ukumbi wa harusi anatafuta kiti cha karibu na mlango, na muziki ukipandishwa anasema anakwenda kununua vocha, harudi. Tairi la lori likipasuka barabarani, wenzake wanacheka, yeye yuko chini ya meza ya kazi. Masika ngurumo zikianza juu ya bati, anakesha. Kesho yake, kwa kuwa hakulala, anakosea vipimo, anamfokea mwanafunzi wake, halafu anajuta peke yake. Hapandi daladala inayopita mbele ya ile kambi. Anazunguka, analipa nauli mara mbili. Mkesha wa mwaka mpya, fataki zinaporuka na nyinyi mnashangilia, yeye anajifungia chumbani.

Majirani wana majibu tele. Mwoga. Ana jini. Anajidai. Mimi majibu hayo siyakubali hata moja, na sasa nawaambia kwa nini.

Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wengi huitumia methali hii kumcheka mtu. Mimi naiona ni ya kidaktari kabisa. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Hatari ikitokea, sehemu hii hupiga mbiu kabla hata hujawaza. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unadunda, pumzi zinakwenda kasi, damu inakimbilia kwenye misuli ya miguu, na tumbo linasahau ugali wake kwanza. Usiku ule mwili wa Mjomba ulifanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana alifika mbali.

Shida ni kwamba haujaacha kuifanya. Kuna sehemu nyingine ya ubongo, hipokampasi, inayosaidia kuhifadhi kila jambo pamoja na mahali na wakati wake: hili lilitokea pale, siku ile, limekwisha. Hofu ikizidi mno, kazi hiyo inaweza kuharibika. Kumbukumbu inabaki vipande vipande, mwanga hapa, mlio pale, harufu ya moshi. Kipande kimoja kikiguswa, mwili wote unarudi 2011, ingawa Mjomba amekaa kibarazani anamenya chungwa.

Kushtuka siku za mwanzo baada ya balaa si ugonjwa. Karibu kila mtu hushtuka, na wengi hutulia wenyewe. Hali ikipita mwezi mzima na ikaharibu usingizi, kazi na masomo, hapo madaktari huiita mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 100 waliopata kuonja tukio la kutisha, kama 6 ndio huupata. Vita na ukatili wa kingono huwaumiza wengi zaidi. Watoto nao huupata, na kwao unaweza kuonekana kwa sura nyingine: mtoto anacheza mchezo uleule wa mlipuko kila siku, anamng'ang'ania mama, au anaanza tena kukojoa kitandani alipokuwa ameshaacha. Huyo hapigwi fimbo. Nasema hapigwi!

Dawa ipo. Mojawapo naipenda kwa upendeleo wa wazi, maana inafanana na kazi yangu ya kusimulia. Ilijaribiwa hapa jirani, kambi ya Nakivale, Uganda, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia. Mgonjwa anatandaza kamba chini, nayo ni maisha yake tangu kuzaliwa. Penye siku njema anaweka ua, penye siku mbaya anaweka jiwe. Kisha, kwa vikao kadhaa, anasimulia kuanzia mwanzo. Akifika kwenye jiwe kubwa halirukwi: aliona nini, alisikia nini, mwili ulifanyaje, na sasa hivi yuko wapi. Msikilizaji anaandika, na mwisho mgonjwa anapewa hadithi yake yote, yenye mpangilio na tarehe. Nakivale wasikilizaji hao hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Lakini walifundishwa, sikieni hilo. Msimkalishe Mjomba nyuma ya nyumba na kamba ya kuanikia nguo mkamlazimisha kusema.

Mjomba aanzie zahanati au kituo cha afya aeleze yote, hata habari ya viatu, apewe rufaa. Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Akitaka dua ya shehe au sala ya mchungaji, aipate pia, mradi asiache hospitali.

Nanyi mna kazi. Msimshtue kwa utani. Mkitaka kumwamsha, simameni mbali kidogo mumwite jina, msimtikise. Mkijua fataki zitapigwa, mwambieni mapema. Akitoka ukumbini, mmoja amfuate na maji, asiulize kitu.

Na kama anayeshtuka usiku ni wewe mwenyewe, kwa mabomu au kwa jambo jingine lolote ulilofanyiwa, mwambie mtu mzima unayemwamini. Ukimkosa, piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Hailipiwi.