Referansi ya volti ku nyumba: usilipe zaidi ya kazi yake

Mu nyumba nyingi za watu wa mine kuko meza moja ya ufundi: tochi za kichwa zilizofunguliwa, telefone za majirani, batri za litiamu zinazongoja kusharjiwa. Meza hiyo inaleta feza ya unga. Inaweza pia kuchoma nyumba. Batri ya litiamu ya kawaida inashiba kwa volti 4,20. Ukipitisha, inavimba, na siku moja inawaka, watoto wakiwa wamelala.

Sasa, nani anakuambia kama ni 4,20? Multimetri ya bei ya chini. Zile za manjano tunazozijua wote zinaahidi kosa la 0,5 kwa mia pamoja na tarakimu 2 za mwisho. Piga hesabu: 4,20 yako inaweza kuwa 4,24. Na pile yake ya ndani ikianza kuisha, nyingi zinadanganya zaidi.

Njo hapo fundi anahitaji referansi: kadi kidogo inayotoa volti inayojulikana, ili multimetri ijaribiwe mbele ya kupima kitu kingine. Sisi tungechukua ile yenye chipu AD584. Inatoa volti 2,5, 5, 7,5 na 10. Angalia herufi: J ni ya chini, K inatosha. Kwa K, volti 5 haikosei zaidi ya milivolti 6. Joto likipanda digrii 20, inasogea milivolti 1,5 hivi. Multimetri ikisoma 5,04 hapo, ujue kwenye 4,20 inaongeza karibu 0,03.

Kuko wanaosifu LM399, inayojipasha joto yenyewe. Ni nzuri sana, hatubishi. Lakini inatoa karibu volti 6,95 na kila moja iko na namba yake. Lazima mwenye chombo kikubwa akupimie kwanza. Kwa tochi na telefone, hiyo ni kununua kamyo ili kubeba ndoo moja.

Angalia pia pile: ya volti 9 haiwezi kutoa 10, utazani kadi imekufa. Inaomba 12,5 kupanda. Na kale kakaratasi ka namba zilizoandikwa kwa mukono hakasemi zilipimwa na chombo gani. Kama ndugu anatumika mu atelye ya vipimo ku mine, aombe shefu ruhusa apime kadi, kisha aandike namba na tarehe nyuma yake. Kadi moja inatosha avenue nzima: muchange feza, kila fundi alete multimetri yake.