Kadi Mpya, Picha Mbovu: Fedha Ianzie Wapi?

Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na Marekani, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zimewafungulia njia vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi. Wanahariri video, wanachora ramani za nyumba, wanacheza gemu. Kinachokosekana huwa ni kadi ya grafiki. Mwenye kompyuta anajibana, ananunua, anaipachika, kisha skrini inajaa mistari ya rangi, inapepesa, au inakuwa nyeusi kazi ikiwa imekolea. Wengi hukimbilia kununua kadi nyingine, na hapo ndipo fedha inapopotea. Kadi ni mshukiwa mmoja kati ya wanne. Wengine ni draiva, kebo na pawa saplai, na wote watatu kwa kawaida ni nafuu kuliko kadi.

Uchunguzi usiogharimu kitu

Washa kompyuta na utazame skrini kabla Windows haijaanza. Mistari ikionekana tangu kwenye nembo ya mtengenezaji au ukurasa wa BIOS, draiva haina hatia, maana wakati huo bado haijapakiwa. Tafuta kosa kwenye kebo, skrini au kadi yenyewe. Ikianza baada ya Windows kufunguka, shughulikia draiva kwanza.

Kisha piga skrinishoti hitilafu ikiwa inaonekana, uifungue kwenye simu. Picha ikiwa safi, kosa liko kwenye njia ya kutokea: tundu, kebo au skrini. Azima kebo nyingine na skrini nyingine kabla hujatoa hata senti. Mabaka yakionekana mpaka kwenye simu, mshuku draiva au memori ya kadi.

Mabaki ya draiva husafishwa kwa Display Driver Uninstaller, programu ya bure. Pakua mapema draiva mpya kutoka tovuti ya Nvidia, AMD au Intel. Kata intaneti ili Windows isijiwekee ya kwake, washa kompyuta katika hali salama, futa ya zamani, kisha weka mpya. Aliyehama kutoka AMD kwenda Nvidia, au kinyume chake, asiiruke hatua hii. Gharama yake ni bando tu.

Kama mabaka bado yapo, punguza kasi ya memori ya kadi kwa MSI Afterburner, nayo ni ya bure. Yakitoweka, yaelekea memori imechoka, na huo ni ushahidi wa kumpelekea muuzaji.

Pawa saplai kabla ya kadi

Kompyuta inayotulia ukiandika barua, lakini ikazima skrini au kujiwasha upya gemu linapoanza, mara nyingi ina njaa ya umeme. Tundu la PCI Express kwenye mazabodi linatoa wati 75 tu. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290 kwa mashine nzima, na plagi yake ya mazabodi ina pini 8 badala ya 24 zilizozoeleka. Ukinunua pawa saplai ya kawaida, hesabu na bei ya adapta.

Usichukuliwe na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma mstari wa volti 12, maana ndiko kadi inakokula: iliyoandikwa ampea 18 inatoa wati 216, hata kama nje imebandikwa 500. Alama ya 80 Plus nayo hupima umeme kiasi gani unafika kwenye kompyuta bila kupotea kama joto. Haithibitishi kinga dhidi ya shoti. Na kataa kabisa adapta ya kutoka SATA kwenda pini 6. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Ukiidai 75 inaweza kuyeyuka, hata kuwaka moto.

Kadi tano, hesabu tano

Bei hizi ni za siku kadi zilipoanza kuuzwa Marekani. Zitumie kulinganisha uwiano. Bei ya Kariakoo au Luthuli Avenue utaiuliza dukani.

- GTX 1050 Ti (2016, dola 139, GB 4, wati 75): nyingi hazihitaji plagi. Nvidia ilifunga draiva za kawaida za kizazi hiki Oktoba 2025. Yaliyobaki ni masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028.
- GTX 1650 (2019, dola 149, GB 4, wati 75): bado inapata draiva mpya. Kagua, kwani baadhi zina plagi ya pini 6.
- RX 580 (2017, dola 229, GB 8, wati 185): ina nguvu, lakini inadai pawa saplai mpya. Nyingi zilichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana hadi Septemba 2022.
- RX 6500 XT (2022, dola 199, GB 4, wati 107): ni ya karibuni, ila inatumia njia nne tu za PCI Express, hivyo hupungua kasi kwenye mashine za zamani. Tena haina kifaa cha kusimba video, hasara kwa mhariri.
- RTX 3050 ya GB 6 (2024, wati 70): kwa kawaida haihitaji plagi, na yapo matoleo mafupi yanayoingia kwenye makasha madogo.

Ongeza na gharama ya umeme wa LUKU. RX 580 inazidi GTX 1650 kwa wati 110. Ukiisukuma kwa saa 4 kila siku, ni takriban uniti 13 zaidi kwa mwezi.

Kabla hujalipa

Kwa kadi ya mtumba, omba ijaribiwe mbele yako. GPU-Z huweka alama kwenye kadi nyingi za Nvidia zilizobandikwa jina la uongo, na OCCT hupima memori. Muuzaji mwaminifu atakupa nusu saa ya majaribio, pamoja na siku za kurudisha zilizoandikwa kwenye risiti. Anayekataa yote mawili, mwache na kadi yake.

Kwa mwenye OptiPlex na pawa saplai yake ya asili, ushauri wangu ni GTX 1650 isiyo na plagi, au RTX 3050 ya GB 6 kama mfuko unaruhusu. Chukua GTX 1050 Ti pale tu inapokuwa rahisi sana kuliko 1650. RX 580 iguse baada ya kujumlisha pawa saplai, adapta na uniti. Jumla hiyo mara nyingi itakufikisha kwenye bei ya kadi isiyohitaji hata kimoja kati ya hivyo.