Umebaki na Madhara Baada ya Upasuaji: Je, Unaweza Kudai Fidia?

Mama anapasuliwa ili kujifungua, tuseme upande wa Busia ya Kenya. Wiki chache baadaye mkojo unamvuja mchana na usiku, wala hauachi. Jirani mmoja anamwambia ni mapenzi ya Mungu, avumilie. Mwingine anamwambia daktari kamharibu, akashtaki. Huenda wote wawili wamekosea.

Anza na matibabu. Kuvuja kwa mkojo mchana na usiku baada ya kujifungua huenda ni fistula, na fistula nyingi huzibwa kwa upasuaji mwingine. Usijifiche nyumbani kwa aibu. Nenda kliniki mapema. Kutibiwa hakukuondolei haki ya kudai.

Sasa fidia. Mahakama za Kenya na Uganda hazilipi kwa sababu tu umeumia. Uchungu wa siku mbili unaweza kuleta fistula kabla kisu hakijakugusa. Unatakiwa kuonyesha kwamba mhudumu alizembea, yaani hakufanya kile ambacho mwenzake mwenye ujuzi wa kawaida angefanya, na kwamba uzembe huo ndio uliokuletea madhara. Kwa hiyo utahitaji daktari mwingine akupime na kuandika ripoti. Hapa ndipo kesi nyingi hukwama.

Jambo jingine ni ridhaa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hatari za tiba, inapowezekana kwa lugha unayoielewa. Je, uliwekewa fomu ya Kiingereza ukaitia kidole gumba? Andika ni nani alikutafsiria, na alikuambia nini. Sahihi yako ni ruhusa ya kupasuliwa, si ruhusa ya uzembe.

Kinachowaponza watu wengi ni muda. Kesi hufuata nchi ulikopasuliwa, si unakoishi leo. Kenya, ukidai serikali, una miezi 12 tu. Ukidai hospitali ya binafsi, miaka 3. Uganda, kwa mfano ukipasuliwa katika hospitali ya serikali ya Tororo, una miaka 2. Hospitali ya binafsi au ya misheni, miaka 3. Hatua chache tu kuvuka mpaka, na siku zako zinabadilika! Ikiwa madhara yamejulikana baadaye, mwambie wakili; wakati mwingine mahakama ya Kenya huongeza muda kwa kesi kama hiyo, lakini usiutegemee.

Tunza karatasi. Mwaka 2008 Wakenya waliovukia Busia na Malaba walipokelewa Mulanda, Tororo, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Katika safari kama hizo, faili ya hospitali haikufuati. Omba nakala kabla hujahama: fomu ya kuruhusiwa kutoka hospitali, fomu ya ridhaa, kadi ya kliniki, risiti za dawa. Ziweke pamoja na kadi yako ya mgao, ndani ya nailoni. Andika tarehe ya upasuaji na siku uliyoona tatizo mara ya kwanza.

Malalamiko unaweza kuyapeleka kwanza kwa msimamizi wa hospitali, kisha kwa baraza la madaktari la nchi husika. Baraza linaweza kumwadhibu daktari, lakini muda wa mahakama haukungojei wakati baraza likichunguza. Ukiitwa kusuluhishwa na kupewa fedha kidogo, usitie sahihi kabla ya kumwonyesha wakili karatasi hiyo.

Kuwa mkimbizi hakukuzuii. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinakupa njia ya kufika mahakamani katika nchi zote zilizoukubali, Kenya na Uganda zikiwemo. Kwa msaada wa kisheria uliza Kituo cha Sheria kwa upande wa Kenya, au Refugee Law Project kwa upande wa Uganda. Nenda na karatasi zako zote, hata zile zilizochanika.