Mwalimu Wetu Akitaka Kufundisha Ng'ambo: Vyeti, Njia na Mitego



Siku hizi karibu kila kikundi tunachokitembelea kina kijana wa nyumbani aliyesomea ualimu na bado anangoja kuajiriwa. Anafundisha hapa na pale kwa mshahara wa bodi ya shule, mwaka unaisha, mwingine unaingia. Ndipo mtu anatokea mjini na habari tamu: "Dubai wanatafuta walimu wa shule za kimataifa. Nyumba ni ya bure na tikiti ya ndege ni juu yao. Leteni tu pesa ya kuandaa makaratasi." Mkutano unaitwa, harambee inatangazwa, na kuna familia zinazoweka hata hati ya shamba rehani.

Swali mnalotuuliza ni hili: kazi hizi ni za kweli, ama ni uongo mtupu?

Jibu letu ni kwamba kazi ziko, na uongo pia uko. Wakenya wanafundisha katika shule za kimataifa huko Ghuba, Asia na hata hapa Afrika, na wanasomesha ndugu zao. Lakini waliofika salama walipita njia inayojulikana. Tumeandika makala haya ili kikundi kikiombwa msaada, kijue cha kuuliza kabla ya kufungua kasha la pesa.

Shule ya kimataifa ni shule gani?

Ni shule inayofuata mtaala usio wa nchi ile iliyoko. Wanafunzi wake ni watoto wa mabalozi, wa wafanyakazi wa makampuni makubwa, na wa matajiri wa hapo. Mara nyingi masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Mitaala inayojulikana sana ni ya Uingereza, kama ule wa Cambridge wenye mitihani ya IGCSE na A-Level; ule wa Marekani; na ule wa International Baccalaureate, unaoitwa IB kwa kifupi, ulioanzishwa Geneva, Uswisi, mwaka wa 1968.

Angalieni hapa. Neno "kimataifa" linaweza kuandikwa na mtu yeyote kwenye bango. Shule halisi ya IB iko katika orodha ya IB wenyewe, na shule ya Cambridge iko katika orodha ya Cambridge. Orodha hizi zinaonekana bure kwenye intaneti. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina la shule kwa dakika kumi. Kama shule inasema ni ya IB na haimo katika orodha hiyo, ulizeni kwa nini.

Vyeti vinavyotakiwa

Cha kwanza ni digrii. Shule nyingi za aina hii zinataka digrii ya ualimu, ama digrii ya somo fulani pamoja na mafunzo ya ualimu. Tena nchi nyingi hazitoi kibali cha kazi ya ualimu kwa mtu asiye na digrii. Hapa tuseme ukweli bila kuficha: mwalimu mwenye cheti cha P1 peke yake ana nafasi ndogo sana ya kuwa mwalimu kamili katika shule hizo. Anaweza kupata kazi ya mwalimu msaidizi, na mshahara wake ni tofauti kabisa. Hapa kwetu, vyuo vya walimu wa msingi vilianza kuchukua wanafunzi wa diploma badala ya P1 mwaka wa 2021. Diploma ni ngazi nzuri ya kupandia hadi digrii, lakini nayo si digrii. Mtu akimwambia mwalimu wa P1 kwamba cheti chake kinatosha kumpa kazi ya mwalimu kamili Dubai, huyo anataka pesa.

Cha pili ni usajili. Kila mwalimu wa Kenya anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Shule za ng'ambo hupenda kuona cheti hicho, kwa sababu kinaonyesha kwamba nchi yake inamtambua mtu huyu kama mwalimu.

Cha tatu ni cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Maombi hufanywa kupitia eCitizen, kisha mtu anachukuliwa alama za vidole. Shule nzuri ni kali sana kwa jambo hili kwa ajili ya usalama wa watoto. Zitaandika pia kwa wadhamini wawili au watatu, na mmoja wao huwa ni mwalimu mkuu wa sasa. Kwa hivyo mwalimu asiondoke shuleni kwa ugomvi.

Kuna vyeti vya nyongeza ambavyo watu wengi huvichanganya. TEFL, yaani kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, mara nyingi ni ya saa 120. Inasaidia, lakini haimfanyi mtu kuwa mwalimu. PGCE ni mafunzo ya ualimu ya Uingereza ya mwaka mmoja baada ya digrii. Vyuo vikuu vingine huko vinatoa PGCE ya kimataifa kwa njia ya posta na intaneti, lakini hiyo haitoi ile hadhi ya mwalimu wa Uingereza inayoitwa QTS. Ni ghali, na mwenye B.Ed. ya Kenya na usajili wa TSC tayari ni mwalimu aliyehitimu. Asikimbilie kukopa kwa ajili ya PGCE kabla ya kuona shule anazotaka zinaomba nini.

Kila nchi na sheria yake

*Falme za Kiarabu (Dubai, Abu Dhabi)*: digrii lazima, na vyeti vigongwe mihuri. Kwa kawaida vyeti vinathibitishwa hapa Kenya, vinapita Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi hiyo. Kazi hii inakula wiki nyingi, basi ianze mapema.

*China*: kwa kawaida wanataka digrii na uzoefu wa miaka miwili. Kwa wanaofundisha lugha ya Kiingereza, wanataka mtu kutoka nchi ambako Kiingereza ni lugha ya mama, na Kenya haihesabiwi humo. Kwa hivyo njia ya Mkenya ni somo lake, kama hesabu, fizikia au kemia. Visa ya kazi inaitwa Z. Anayeambiwa aingie kwa visa ya utalii "halafu tutabadilisha huko" anaingizwa katika kuvunja sheria.

*Thailand*: digrii, visa ya kazi, na leseni kutoka baraza lao la walimu linaloitwa Khurusapha. Wanaoanza hupewa kibali cha muda kwanza.

*Uingereza*: mwaka wa 2023 walifungua mlango wa QTS kwa walimu wa nchi kadhaa zaidi, zikiwemo Ghana, Nigeria na Zimbabwe. Kenya haikuwa katika orodha hiyo. Ajenti anayesema mlango ulifunguliwa kwa Afrika yote anapotosha watu.

Uzoefu unaanzia nyumbani

Vijana wengi wanataka kuruka siku wanayomaliza chuo. Lakini shule nyingi zinataka miaka miwili au zaidi darasani. Miaka hiyo si ya kupoteza. Hapa Kenya kuna shule zinazofundisha mitaala hiyo hiyo. Aga Khan Academy ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka wa 2003, inafundisha IB, na katika miji yetu mingine kuna shule za Cambridge. Mwalimu aliyefundisha IGCSE Nakuru au Kisumu ana neno la kusema akiulizwa maswali na mwalimu mkuu wa Doha.

Na hata aliye katika shule ya kijijini asijidharau. Mtaala wetu wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka wa 2019, unafanana na mitaala hiyo katika mambo kadhaa: watoto wanafanya miradi, na mwalimu anawapima mwaka mzima badala ya kungoja mtihani mmoja. Mwalimu aweke rekodi: mipango ya somo, picha za kazi za wanafunzi (bila kuonyesha sura za watoto), barua za mwalimu mkuu. Hiyo ndiyo shamba lake, alilime.

Jambo moja zaidi kwa walioajiriwa na TSC. Usiondoke kimya kimya. Kuacha kazi bila ruhusa ni utoro, na utoro unaweza kukufutia jina katika rejista. Omba likizo au jiuzulu kwa barua, halafu ungoje jibu.

Njia ya kufuata

1. Kusanya vyeti vyote, na uhakikishe majina yanafanana katika kitambulisho, pasipoti na vyeti vya mtihani. "Wanjiru" hapa na "Wanjiku" pale inaweza kukwamisha safari yote.

2. Tuma maombi kwa shule moja kwa moja. Shule nyingi hufungua Agosti au Septemba, na huanza kutafuta walimu miezi mingi kabla, kuanzia Novemba hadi Aprili.

3. Mahojiano ya kweli yapo siku hizi kwa simu ya video. Utaulizwa unavyofundisha, na unavyomsaidia mtoto aliye nyuma. Mtu "akipata kazi" bila kuulizwa swali lolote la ualimu, hiyo si kazi ya ualimu.

4. Soma mkataba. Uwe na jina la shule, somo, mshahara kwa pesa za nchi ile, nyumba, tikiti ya kwenda na kurudi, bima ya matibabu, na muda, ambao mara nyingi ni miaka miwili. Uliza pia malipo ya mwisho wa kazi. Katika Falme za Kiarabu, sheria inampa aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza.

5. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa leba. Mpelekee ausome kabla ya safari.

6. Kama kuna ajenti, jina lake liulizwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Wao ndio wanaosajili mawakala. Kuwa na ofisi nzuri Nairobi sio kusajiliwa.

Mitego

Kikundi kimoja cha akina mama kiliombwa shilingi 180,000 ili binti wa mwanachama apelekwe kufundisha Ghuba. Walilipa 30,000 za kwanza. Kabla ya kutoa zilizobaki, mweka hazina, mama aliyeachia darasa la sita, aliuliza swali moja: "Shule yenyewe inaitwaje?" Ajenti akasema wataambiwa binti akifika. Mama akafunga daftari. Wiki tatu baadaye ofisi ile ilikuwa na kufuli. Zile 30,000 hazikurudi. Lakini 150,000 zilibaki, na binti alibaki nyumbani salama.

Usalama huo si jambo dogo. Mwaka wa 2022, na tena 2025, Wakenya waliopelekwa Thailand kwa ahadi za kazi nzuri walijikuta wamevushwa mpaka hadi Myanmar, ndani ya kambi ambako watu hulazimishwa kufanya utapeli wa kompyuta. Kuna waliopigwa. Pesa hupotea na kutafutwa tena, mtu sivyo.

Basi dalili za hatari ni hizi: jina la shule linafichwa, visa ni ya utalii, malipo yanataka kwenda kwa simu ya mtu binafsi, unaambiwa "leo ni siku ya mwisho", mkataba unabadilishwa uwanja wa ndege, ama mwajiri anataka kushika pasipoti. Shule ya heshima haimtozi mwalimu pesa ili imwajiri. Gharama anazobeba mwenyewe ni kama pasipoti, cheti cha tabia njema na mihuri, na kila moja ina risiti.

Kikundi kisaidie namna gani?

Msikatae kusaidia kwa sababu ya hofu. Saidieni kwa mpango. Lipeni ada ya pasipoti pale pale kwenye eCitizen, lipeni mihuri kwa risiti, na msimpe ajenti pesa taslimu. Mkimkopesha mwalimu, iandikwe: kiasi, muda, wadhamini wawili, na itakuwaje akirudi mapema. Msiweke rehani shamba ambalo watoto wanakula.

Kabla hajaondoka, nakala za pasipoti, visa, mkataba na tikiti zibaki kwa katibu, pamoja na namba ya ubalozi wa Kenya wa nchi anayokwenda. Tuna balozi Abu Dhabi, Doha, Riyadh, Muscat, Bangkok na Beijing. Akubaliane na nyumbani siku ya kupiga simu kila wiki. Akinyamaza wiki mbili, msingoje ya tatu.

Na mwalimu mwenyewe ajue kwamba mkataba una mwisho. Miaka miwili ni mifupi. Aliyekwenda bila shabaha hurudi na simu kubwa na suti. Aliyekwenda na shabaha hurudi na kitu cha kuonyesha na cha kuendeleza.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni walimu wangapi wana digrii na usajili wa TSC, na wangapi wamebakiza hatua moja tu?

2. Tukiombwa mchango wa safari kesho, ni karatasi gani tutataka kuona kwanza?

3. Nani katika kikundi chetu atapewa kazi ya kutafuta jina la shule na jina la ajenti kabla pesa hazijatoka?

4. Je, inafaa zaidi kumkopesha mwalimu wa P1 pesa za ndege, ama karo ya kumaliza diploma na digrii?